Magunia Mawili ya Maranda

Corbin Mills, Vermont
13 Aprili 1986

Mdogo wangu mpendwa Verna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua chako kimetulia katika hilo jua la Arizona ulilolifuata. Huku sisi tu wazima, kwa kiasi ambacho wazee huwa wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, theluji imebaki vivulini tu, na yule paka wa manjano uliyeniachia amenenepa mpaka panya wanapita mbele yake naye anawatazama kama mtu aliye likizoni. Nimepokea barua yako ya tarehe nane. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeona una hasira ingawa umeandika kwa adabu. Mwishoni umesema umesahau sweta kwa jirani, ukaongeza ule utani wako wa siku zote, kwamba mtu kama wewe hafai kukabidhiwa nguo yenye mikono. Nitaurudia huo utani kabla sijaweka kalamu chini.

Unataka kujua kwa nini binti yako Joyce ameihama nyumba yako, yeye na mumewe na watoto, wakabanana kwenye vyumba vya juu ya kanisa, na kwa nini ukimuuliza kwa simu anakwambia muulize mjomba. Unataka kujua pia kama ni kweli alivyokuandikia Eunice Batchelder, kwamba nimelimwaga bwawa zima la mji kama beseni la kufulia, na kama nimerukwa na akili. Bwawa nimelimwaga, hilo ni kweli. La akili utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma. La Joyce ndilo linalonitafuna, na ili nikueleze vizuri inabidi nianzie Januari.

Unapajua pale chini ya ukuta wa bwawa, upande wa mashariki, nyuma tu ya banda lako la kuku. Tangu tungali wadogo pamekuwa pakivuja kidogo, na baba alikuwa akisema ni jasho tu. Basi Januari hii, theluji ikiwa imefika magotini kila mahali, pale palikuwa na kipande cha majani mabichi chenye ukubwa wa meza ya kulia. Majani mabichi mwezi wa Januari, Verna, katika Vermont hii. Kulungu walikuwa wakija kula. Wajukuu zako walifurahi sana, wakanivuta mkono nikaione bustani ya kulungu. Nikainama, nikachota maji kwa kiganja. Miaka yote maji ya pale yalitoka safi, na safari hii yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Wewe ni binti wa mlinzi wa bwawa, huhitaji kuelezwa. Lakini nitakueleza, kwa sababu miezi mitatu nimewaeleza watu wasiotaka kusikia na nina hamu ya kumweleza mtu mmoja anayesikia. Maji safi yakivuja ni maji tu. Maji ya matope yamebeba udongo wa tumboni mwa ukuta, maana yake ndani kuna njia inayochimbwa kila saa, usiku na mchana, na njia hiyo itazidi kupanuka mpaka ukuta utakapokwenda nayo. Na hatua sitini kutoka hapo ndipo kilipo kitanda cha mjukuu wako mdogo.

Nikachukua chupa ya kioo, zile tunazohifadhia matango, nikaijaza maji ya pale, nikaiweka dirishani mwa jikoni. Februari nikajaza ya pili, na mwanzoni mwa Machi ya tatu. Matope yalituama chini, unene wa ukucha kwenye ya kwanza, unene wa kidole kwenye ya tatu. Nilizipeleka kwa Joyce. Alinimiminia kahawa, akazitazama, akasema, “Mjomba, si wewe uliyemwambia mama kwamba nyumba hii haiwezi kulowa hata kizingiti? Sasa imekuwaje?” Nikasema mambo yamebadilika. Galen mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu aende zake kwenye kiwanda cha mbao, akaniambia bila hata kuinua uso, “Mzee, wewe kila Februari unaingiwa na huzuni. Ni baridi hiyo. Kula kitu.”

Basi nikazipeleka kwenye mkutano wa mji. Unaukumbuka mkutano wetu wa Jumanne ya kwanza ya Machi, haujabadilika hata kidogo. Kina mama wa kanisa na maharage yao na pai zao nyuma ya ukumbi, nusu ya watu wanafuma soksi, nusu nyingine wanasinzia. Hoja yangu ilikuwa ya kumi na nne, baada ya hoja ya mbwa wasiofungwa iliyokula saa nzima na robo. Niliomba jambo moja tu, kwamba maji yapunguzwe hadi nusu mpaka ukuta uchunguzwe. Nikazipanga chupa zangu mezani.

Dwight Sayles, msimamizi wa barabara, alikuwa wa kwanza kusimama. Akauliza, “Alden, hiyo siki ya nani? Nitilie kidogo kwenye kabichi.” Ukumbi ukacheka. Nikangoja waishe kucheka, nikaeleza tena kuhusu udongo. Dwight akasema watu wa nyumba za kiangazi hawakujenga huku ili waje kutazama matope, kikosi cha zimamoto kinachota maji pale, watoto wanateleza pale kwenye barafu, na pia tukilipunguza bwawa jimbo litasikia na kutuamuru tulibomoe. Halafu akatoa chini ya kiti chake vile vitabu vya ripoti ya mji vinavyochapishwa kila mwaka, vyote kumi na kimoja tangu jimbo lilipoanza kutuletea mkaguzi. Akafungua cha kwanza, akasoma kwa sauti ya mchungaji: “Bwawa liko katika hali nzuri. Mguu wa ukuta ni mkavu. A. Farnham, Mlinzi.” Akafungua cha pili. Maneno yale yale. Alipofika cha sita ukumbi mzima ulikuwa unamwitikia, “Mguu wa ukuta ni mkavu,” pamoja na mke wa mchungaji mwenyewe. Walivisoma vyote kumi na kimoja, Verna. Mimi nimesimama pale na chupa zangu.

Ilipofika kura waliosema hapana walisikika mpaka barabarani. Kisha, hoja ya kumi na tano, wakanichagua tena kuwa mlinzi wa bwawa kwa mwaka mwingine, kwa kauli moja na kwa makofi.

Wewe unajua kwa nini ule mguu ulikuwa mkavu. Unakumbuka baba alivyokuwa akifanya kila bwana wa bima wa kile kiwanda cha nyuzi kilichomiliki bwawa alipokaribia kuja. Magunia mawili ya maranda yaliyosagika laini, yanachanganywa na majivu ya jiko, yanapelekwa kwa mtumbwi mpaka mbele ya ukuta, au kupitia tundu la barafu kama ni majira ya baridi, yanamwagwa taratibu. Maji yenyewe yanayavuta mpaka kwenye uvujaji, maranda yanavimba, panaziba. Kwa wiki moja au mbili chini ya ukuta panakuwa pakavu. Kazi hiyo baba aliiita kufagia, na sisi tukaiita kufagia, na nadhani ulipoolewa ukahama ulifikiri kufagia kulikwisha na baba.

Hakukwisha. Nimefagia kila mwaka, siku mbili kabla ya mkaguzi, na maranda analeta Galen kutoka kiwandani kwao. Naapa kwamba sikuwahi kuona kuwa ni udanganyifu. Niliona ni kama kuondoa viatu mlangoni mgeni anapokuja. Mkaguzi anaona pakavu, anaandika pakavu, nami nanakili alichoandika na kukipeleka kichapishwe kwenye kitabu cha mji. Na siku ile Dwight aliposoma ripoti zangu mbele ya watu wote ningeweza kuinua mkono na kusema ni mimi niliyepakausha. Nilikwenda nyuma nikachukua sahani ya maharage.

Baada ya hapo nikaanza kupiga simu jimboni. Binti aliyepokea aliniambia, kwa upole kama anayezungumza na mtu aliyepotea njia, kwamba faili la bwawa letu ni mojawapo ya mafaili mazuri kabisa waliyo nayo, na mkaguzi hatarajiwi mpaka kiangazi. Nikamwambia kiangazi huenda kusiwe na bwawa la kukagua. Akasema basi halmashauri ya mji iandike barua. Halmashauri ni Dwight na shemeji yake na mtu mmoja ambaye huwa Florida mpaka Mei. Nilipiga simu mara sita. Ya sita niliipandisha sauti, jambo ambalo mama asingelipenda, na ndipo mkaguzi mwenyewe, kijana anayeitwa Bwana Voss, akakubali kuja Jumatano ya tarehe ishirini na sita Machi.

Nilivaa shati safi. Nilichukua chupa ya kahawa ya moto na zile chupa zangu tatu, tukapita nyuma ya banda lako la kuku, nikamwambia atazame mwenyewe. Palikuwa pakavu. Majani yameanza kunyauka, nyayo za kulungu zimegandia kwenye udongo, na hakuna hata tone. Bwana Voss alipiga goti, akabonyeza ardhi kwa kidole gumba hapa na pale, akaandika. Hakunicheka, na heri angenicheka. Aliniambia wakati mwingine theluji ikiyeyuka maji hutuama mahali, mtu akadhani yametoka ukutani. Akazitazama chupa zangu, akaniuliza polepole kama ninaishi peke yangu.

Tulipopanda juu ya ukuta nikaliona. Tundu kwenye barafu, jipya, limekatwa kwa msumeno na mtu anayejua kazi, na ukingoni mwake unga wa msonobari, wa manjano, bado haujalowa. Bwana Voss alikuwa hatua kumi kutoka pale, amenipa mgongo, anafunga mkoba wake. Nilichohitaji kufanya ni kunyosha mkono tu. Aliponiletea karatasi yake nikaitia sahihi yangu chini ya neno pakavu, kwa mara ya kumi na mbili.

Galen alikuja kwangu saa sita mchana, anatabasamu, maranda bado yako nyweleni. Akasema, “Umeona mambo? Nilijua utasahau, na goti lako hilo usingefika huko kwenye barafu. Nikakupigia magunia mawili jana kabla ya kazi. Usinishukuru.” Nikamuuliza kama hakunisikia miezi mitatu yote hii nikisema bwawa linakwenda kuvunjika. Akasema amenisikia, ila mkaguzi akija si ndiyo tunafagia? Alifanya nilichomfundisha, tena kwa kunihurumia. Nilimpa pai akaenda nayo nyumbani.

Siku nne nilizunguka na jambo hilo kama mtu mwenye jiwe ndani ya kiatu. Nilimkasirikia Dwight, nikalikasirikia jimbo, nikamkasirikia Galen, nikamkasirikia hata yule binti wa simu ambaye hakunikosea lolote. Nilikuwa ninafua soksi huku nagombana na watu wasiokuwapo. Jumapili, baada ya kula kwa Joyce, watoto wakiwa nje, nikawaambia yote kuhusu maranda, na kwamba ripoti zote kumi na mbili ni zangu mimi na magunia yangu. Galen alikuwa anajua nusu, lakini hakuwahi kuunganisha. Joyce akauliza ni kwa muda gani. Nikasema tangu kabla hajazaliwa. Akauliza, “Na wewe ndiye uliyetuweka hapa?” Hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye kabati la mlangoni akaanza kutoa makoti na viatu vya watoto, na kabla ya jioni walikuwa kanisani.

Hajazungumza nami tangu siku hiyo. Jumatano iliyofuata aliirudisha ile sahani yangu ya pai, akaiacha barazani. Imeoshwa safi, na ndani hamna kitu. Unajua watu wetu walivyo, hata aliyekuchukia hakurudishii sahani tupu. Niliiangalia sana ile sahani.

Jumatatu asubuhi, kesho yake baada ya wao kuhama, nilimpigia Bwana Voss nikamwambia. Akauliza, “Magunia mawili? Kila mwaka?” Nikasema mwaka mmoja yalikuwa matatu. Akasema nisiguse kitu chochote, atakuja wiki ijayo na watu wake. Lakini mchana ule nilipopita nyuma ya nyumba yako maranda ya Galen yalikuwa yameshaanza kutoka, yanatiririka na maji ya matope mpaka kwenye banda la kuku, na redio ilikuwa inasema mvua ya siku tatu inakuja.

Basi Jumanne, tarehe mosi Aprili, nikachukua ndoano ndefu ya baba na mtaimbo, nikaenda kwenye mlango wa maji, nikaanza kuzing’oa mbao zinazozuia maji. Ziko nane, zimepangana kutoka juu hadi chini kwenye sakafu ya mto. Baba hakuwahi kung’oa zaidi ya tatu. Niling’oa mbili kwa siku, polepole, ili ukuta usishtuke. Siku ya kwanza wengine walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Siku ya pili Dwight alikuja na nusu ya kikosi cha zimamoto, akasimama ukingoni na kuniambia, “Alden, shuka hapo kabla hujatuaibisha wote. Barafu haijayeyuka na wewe unaiangusha.”

Maana lilikuwa limebaki lile shindano la barafu. Pipa jekundu lilikuwa bado katikati ya bwawa, kamba yake imefungwa kwenye saa iliyoko ufukweni, na mji mzima umeshakisia siku na saa ambayo barafu itavunjika na pipa kuondoka. Zawadi mwaka huu ni nusu ng’ombe, ameshachinjwa na kugandishwa. Maji yalipopungua barafu ikaketi chini pamoja na pipa, kamba ikavutika, saa ikasimama Alhamisi saa kumi na dakika kumi alasiri. Aliyekisia karibu zaidi ni Eunice Batchelder. Kikosi kimekataa kumpa nyama, kwa hoja kwamba haikuondoka barafu, limeondoka bwawa. Sasa unajua kwa nini alikuandikia kurasa tano kuhusu akili yangu. Nakwambia kweli, katika mji huu nimetukanwa zaidi kwa ajili ya nyama ile kuliko kwa ajili ya watoto waliokuwa wamelala chini ya ukuta.

Walimleta polisi wa mji. Akakaa ndani ya gari lake na kitabu cha sheria za mji, akasoma kwa muda mrefu, akatoka, akawaambia mwenye amri juu ya mbao ni mlinzi peke yake, na mlinzi haondolewi ila kwa mkutano, na mkutano hauitishwi ila kwa tangazo la siku thelathini. Dwight akamwambia siku thelathini maji yatakuwa yameshafika baharini. Polisi akasema inaelekea. Ile kura ya makofi ndiyo iliyoniokoa, na sioni Dwight akinisamehe kwa hilo.

Mvua ilinyesha siku tatu kama ilivyosemwa. Bwawa lilikuwa limeshabaki kijito katikati ya matope, na kijito kikaibeba mvua kupitia mlangoni bila kelele.

Jumatatu iliyopita Bwana Voss alirudi na mashine ya kuchimba na wenzake wawili. Karibu watu thelathini walikuja kutazama, Dwight mbele. Kwenye uso wa ukuta, upande wa mashariki, mita tatu chini ya mstari wa maji, mawe manne yalikuwa yametitia ndani, na kati yake kuna shimo ambalo ndoo ingepita bila kugusa kingo. Bwana Voss alisema kwa maji ya kawaida na mvua ile ukuta usingefika siku ile. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesoma joto la siku. Baada ya saa moja Dwight alikuwa anawaambia watu kwamba ni mimi niliyelegeza mawe kwa kushusha maji haraka, na wengine walikuwa wanasema tangu zamani walilishuku lile bwawa. Sina tena nguvu za kuwajibu. Ukuta utakatwa katikati kiangazi hiki na mto utapita zake. Nyumba yako iko salama sasa, ila Joyce hataki kurudi.

Ningependa kuishia hapa. Lakini walichimba lile shimo, Verna, na mimi nilikuwa najua watakachokikuta.

Kwanza yalitoka maranda, yangu juu, ya baba chini, meusi yaliyoshikana kama keki. Halafu nyasi kavu na samadi ya farasi. Halafu, ndani kabisa, jiwe lililofungwa kwenye nguo nzito ya sufu. Bwana Voss aliitandaza kwenye nyasi kwa mikono miwili. Ilikuwa imeoza mgongoni lakini kola ilikuwepo na mkono mmoja na vifungo vitatu vya pembe, na kimoja bado kina uzi wa hariri wa bluu, ule ambao mama alishonea kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha. Akauliza kama kuna anayejua koti hilo ni la nani. Nikasema ni la baba yangu, la harusi yake.

Ni ile siku ya mafuriko ya mwaka thelathini na sita. Unakumbuka tulikuwa kanisani kwenye mazishi, kengele ya kiwanda ikalia, baba akatoka mbio alivyo, mimi nyuma yake. Tulipofika shimo lilikuwa linavuta maji mpaka unalisikia linapiga mluzi. Magunia yote aliyokuwa nayo yakaingia na kutokea upande wa pili. Ndipo baba akavua koti, akalifunga kwenye jiwe, akalisukumia ndani kwa mti. Mluzi ukakoma. Tulikaa kwenye mtumbwi mvua ikitupiga, akaniambia mama yako asijue, atadhani bwawa linavunjika.

Na jioni mama alipouliza koti liko wapi, baba akasema alilivua kanisani, akaliacha kwenye benchi pamoja na vyombo ulivyoambiwa uvibebe kwenye gari la farasi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulisema hukuliona, halafu ukasema labda uliliona, halafu ukalia ukasema lazima litakuwa lilianguka njiani. Ulipita kwenye matope wiki mbili, nyumba kwa nyumba, ukiwauliza watu. Na mama akasema mtu asiyeweza kuchunga koti hawezi kupelekwa mjini akae kwa shangazi Cora na kusoma, angoje mwaka mmoja akue. Mwaka ule ukaenda kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi kiwandani, na unajua mwenyewe kwamba miaka mingine iliufuata.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa mtoto. Nilikuwa mezani jioni ile, na nilikuwa nimeushika mtumbwi mchana wake. Nilitazama sahani yangu. Nilingoja baba aseme, na baba alipofariki nikajiambia muda umepita, na kila ulipofanya utani kuhusu wewe na makoti mimi nilicheka pamoja nawe. Miaka hamsini nimemwaga maranda juu ya koti lile. Kwa hiyo niliposimama kwenye ukuta na Bwana Voss nikashindwa kunyosha mkono, usidhani ilikuwa ni mara ya kwanza.

Sikuombi msamaha kwa barua, nitakuja huko kukuomba uso kwa uso ukiniruhusu, hata kama ni kwa kupanda ndege. Ninakuomba jambo moja tu. Utakapompigia Joyce simu, usinitetee. Mwambie habari ya koti kama unavyoona inafaa, kwa maneno yako.

Wasalimie majirani zako wema, hasa yule aliyekutunzia sweta. Paka anakusalimu kwa namna yake, amelala juu ya bahasha. Galen anakusalimu, amenisaidia kuzibeba mbao zote nane mpaka ghalani. Jitunze kifua na upepo wa jioni.

Ndani ya bahasha nimetia kile kifungo chenye uzi wa bluu. Hukuliacha kwenye gari, Verna. Hukuliacha popote.

Ni mimi kaka yako,
Alden